Mabawa Ndani ya Ukuta

Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu kwa mara ya kwanza, nagonga ukuta. Sifanyi makusudi. Wenyeji wangu wakiwa jikoni wanachemsha chai, mkono unajiendea wenyewe, nagonga kwa kifundo cha kidole, nasikiliza, nasogea kidogo, nagonga tena. Mume wangu amenisema mpaka amechoka. Watoto wangu, ambao Kiswahili wanakisikia vizuri lakini wananijibu kwa Kiingereza, hunivuta mkono na kuninong'oneza, "Mom, please, not here." Sasa nitawaeleza vipi? Tabia hiyo niliiokota mwaka niliokaa kwa Senge, pale Langley Park, Amerika, nikiwa msichana mwenye koti la kuazima na maneno mengi. Senge ndivyo kwetu, kwenye vilima vya magharibi mwa Kenya, tunavyomwita dada ya baba. Mwaka ule nilikuwa nimeshauweka mbali, mahali ninapoweka vitu vizuri ambavyo havina kazi, hadi simu ilipolia majira ya kuchipua yaliyopita. "Rebeka," Senge akasema bila salamu, kama kawaida yake, "nimestaafu kustaafu. Narudi nyumbani. Kuja unitolee Mama kwa ukuta."

Mama aliyemtaja ni mama yake mzazi, yaani Nyanya yangu, na kilichokuwa ukutani ni picha yake. Nilimwambia Senge kwamba jirani yeyote mwenye bisibisi angeweza kuitoa. "Hiyo kazi siwezi peana kwa mtu," akanijibu. "Wewe ulikuwa hapo." Basi Jumamosi nikatoka kwangu Landover, nikapita kwenye ile barabara ambayo wameichimba miaka nenda miaka rudi kwa ajili ya treni mpya, nikaegesha mbele ya jengo lile lile la matofali mekundu. Ngazi zilikuwa zinanukia mikate ya mahindi ya majirani wa Salvador, harufu ile ile, mpaka ghorofa ya pili. Béatrice, tuliyeishi naye mwaka ule, alikuwa ameshafika kutoka Oxon Hill, kajifunga kitambaa kichwani, anafunga masahani kwa magazeti. Senge alikuwa ameketi katikati ya maboksi na fimbo yake mapajani. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Umenona," akasema, na hapo nikajua hajabadilika.

Mara ya kwanza niliingia chumba hicho mwanzoni mwa vuli, nimebeba picha hiyo kifuani. Ilikuwa imetoka nami nyumbani imefungwa kwa leso mbili. Seremala wa sokoni alikuwa ameitengenezea fremu ya mvule iliyochongwa majani pembeni, kioo kinene, na nyuma alibandika misumari yake mwenyewe, ile minene ya ukutani, kwa kuwa hakuamini kama Amerika kuna misumari ya maana. Kwenye ndege haikuenea popote, kwa hiyo niliilaza mapajani, na Nyanya akavuka dunia amelala kifudifudi. Alikuwa amenipa maneno ya kumfikishia binti yake: "Mwambie aniweke mahali atakaponiona akiamka." Niliyafikisha vile vile, nikiwa bado sijavua viatu. Senge akafungua leso, akamtazama mama yake kwa muda mrefu, akamfunika tena, akamsukuma chini ya sofa. "Mama naye," akasema. "Hatuwezi anza kupigilia misumari. Hapa tunapita tu."

Nikatazama kuta. Kwetu sebule bila picha ni kama nyumba ambayo watu wamehama. Maharusi, waliohitimu, waliotangulia mbele ya haki, kalenda za miaka iliyopita, wote wanatundikwa juu karibu na dari, na fremu zinainamishwa mbele kidogo, ili mgeni akiketi waweze kumtazama vizuri. Kwa Senge kuta zilikuwa nyeupe tupu, hata saa hakuna. Sanduku lake kubwa lilisimama karibu na mlango, limefungwa mkanda. Sahani zenye maua zilikuwa bado ndani ya boksi lao, mashuka mapya ndani ya nailoni yake, yote ni ya nyumbani, na sisi tukila kwenye sahani za plastiki. Alikuwa akisema anapita tu tangu mimi niko shule ya msingi.

Tuliishi vyumba viwili. Mimi na Béatrice, aliyetoka Bukavu na ambaye Senge alimpokea kanisani kama mtu anavyopokea mwavuli uliosahauliwa, tulilala chumbani. Senge alifanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee. Alirudi asubuhi akinukia sabuni na poda, akanywa chai iliyochemshwa na maziwa, akajilaza kwenye sofa, akafunika macho kwa leso. Kwa hiyo asubuhi zote za mwaka ule nazikumbuka nikitembea kwa ncha za vidole. Masomo yangu yalikuwa mchana, na kabla ya hapo sikuwa na la kufanya ila kukaa sakafuni karibu na jiko nikichagua maharage, nikitazama mwanga wa dirisha unavyotambaa kwenye ule ukuta mtupu, ukifika kwenye swichi, ukipita. Wakati mwingine sikujua kama niko macho. Nikiwa na miaka hii niliyo nayo, najua kwamba nilikuwa na upweke, lakini wakati ule niliuita usingizi, na sikuuchukia.

Na kuta zile zilisema. Ukuta wa kwetu umenyamaza, ukishaingia ndani umeingia ndani. Huku nilisikia mtu akisukutua, mume na mke wakigombana kwa Kihispania na kupatana kwa Kihispania, mtoto akisoma. Siku moja, katika kile kimya cha asubuhi, nikasikia kutoka chini, sauti nzito ya mwanamume ikisema polepole: "Wageni wamefika. Wageni hawajafika. Wageni wangalifika." Mikono ikaniganda ndani ya maharage. Nilidhani nimeanza kurukwa na akili, kwamba mtu akikaa sana bila kusema lugha yake basi lugha inaanza kumsemesha kupitia sakafu. Béatrice aliporudi nikamweleza, akacheka mpaka akakaa chini. "Ule ni Mwalimu Clarence," akasema. "Mweusi wa hapa hapa. Anajifunza na kasete. Ukimusemesha Kiswahili, utaona haya, ya kwake iko propre, iko safi kuliko yetu." Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mjane, alijifunza Kiswahili chuoni ujana wake na hakukiacha. Tukikutana naye kwenye ngazi alivua kofia na kusema, "Hamjambo, mabibi," na Senge, kwa aibu, akamjibu kwa Kiingereza.

Tulikula kile tulichoweza. Ugali wa kwanza nilioupika kwa unga wa dukani pale chini ulikuwa wa kutengenezea ile mikate ya mahindi, ukanuka chokaa na kukataa kushikana. Béatrice akauonja, akasema, "Hii ni colle ya kubandika barua." Baadaye tulijua unga wa kuchukua. Jumapili mchana kulikuwa na sombe ya Béatrice, yaani kisamvu, aliyoitwanga kwa mchi wake aliousafirisha kutoka kwao, na baada ya chakula Senge alichukua kadi ya simu, akajifungia bafuni, akampigia mama yake. Sisi tulisikia kila kitu, bila shaka. Nyanya alipiga kelele kama mtu anayetaka sauti ifike bila kusaidiwa na simu. "Ndiyo, Mama," Senge alikuwa akisema. "Mwakani. Eh, mwakani kabisa. Uniwekee kuku." Kisha maji yakafunguliwa, yakatiririka kwa muda, akatoka na uso uliooshwa.

Nyanya alifariki Februari, theluji ikiwa imefunika ngazi. Simu ilipotufikia, Senge alikuwa ndiyo kwanza arudi kutoka kazini, koti bado mwilini. Hakupiga ukemi. Aliketi juu ya lile sanduku karibu na mlango, sanduku lililokuwa tayari miaka yote hiyo, na hakuweza kwenda. Karatasi zake zilikuwa bado zinashughulikiwa. Akitoka nje ya nchi, hangeruhusiwa kurudi, na yote aliyoyavumilia yangekuwa kazi bure. Wanawake wa fellowship, kikundi chetu cha maombi, walipopigiana simu wakaamua kuja kuomba naye Jumamosi, kama inavyofanywa huku mtu akifiwa na asiweze kusafiri: viti vya kuazima, chai, nyimbo za kwetu, na mbele ya watu picha ya marehemu, ili angalau kuwe na mahali pa kuelekeza macho. Ijumaa mchana Senge akapiga magoti, akamtoa mama yake chini ya sofa. "Alisema nimweke mahali nitamwona nikiamka," akasema. "Sasa mimi namweka."

Alijilaza kwanza kwenye sofa, akaonyesha kwa kidole mahali penyewe, juu karibu na dari, kisha akapanda kiti na ule msumari mnene wa seremala na mchi wa Béatrice. Kwetu kupigilia msumari ukutani ni vita. Cheche zinaruka, simiti inakurushia mawe, msumari unapinda, na ukishaingia hata mjukuu wako ataukuta. Senge alipiga mara moja tu. Msumari ukazama wote kama kidole kwenye mkate. Akageuka akatutazama, uso umemwangaza kidogo kwa mara ya kwanza wiki ile. "Ona ilivyoingia vizuri," akasema. Na sisi watatu, tuliozaliwa kwenye nyumba za udongo, za matofali na za mawe, hatukuona ubaya wowote katika ukuta unaoupokea msumari bila kubisha. Akatundika fremu, akaiinamisha mbele ipasavyo, akashuka. Nyanya akatuangalia kutoka juu, kajifunga kitambaa chake cha kanisani, midomo kaibana kama mtu aliyeambiwa asicheke.

Kesho yake nyumba ilijaa mpaka kwenye ngazi. Makoti yalirundikwa kitandani kwetu, birika lilichemka bila kupumzika, madirisha yakaota ukungu. Nakumbuka nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni na trei ya mandazi, wimbo wa pili umekolea, wanawake wamefumba macho wanayumba, na mimi nikiwa mbali kabisa, nipo jikoni kwa Nyanya, moshi machoni. Basi nikaiona fremu ikichuchumaa. Ndivyo ilivyoonekana kwangu, iliinama mbele zaidi, polepole, kama mtu anayetaka kuinuka, msumari ukachungulia, halafu ikaanguka. Kioo kilitawanyika hadi miguuni mwa watu. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Pale ukutani palibaki tundu lililochanika na vumbi jeupe linashuka, na katika kile kimya Senge akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama amenikataa."

Hakuna aliyembishia, na hilo ndilo lililoniumiza. Watu wazima wote mle ndani, wauguzi, mkaguzi wa hesabu, mhubiri mwenyewe, walijua kwamba picha ya marehemu haianguki hivi hivi, hasa mbele ya mtoto aliyeshindwa kuja kumzika. Walifagia vioo, wakaomba kwa haraka, wakaondoka wakinong'ona ngazini, na kuta, kama nilivyosema, zilitufikishia yote: "Maskini, hata kuzika hakuenda." Senge akailaza picha chini ya sofa. Siku zilizofuata alikwenda kazini, akarudi, akalala ameupa ukuta mgongo. Nilimpikia uji, ukapoa. Nilimwambia kwamba msumari ndio uliotoka, si Nyanya. "Msumari gani?" akaniuliza. "Ule ametuma yeye mwenyewe?" Na kweli ulikuwa wa kutoka nyumbani.

Béatrice hakuwa mtu wa kukaa na msiba ukizeeka ndani ya nyumba. Akaenda duka la vifaa, akarudi na kioo kipya na pakiti ya vidude vya plastiki, wenyeji wanaviita anka, ambavyo unavisukuma kwenye tundu kisha unatia skrubu. "Madamu wa duka amesema ya mur, ya ukuta, ni hizi," akasema. Tukangoja Senge atoke kununua maziwa, tukatoboa kwa kisu, tukasukuma, tukakaza, tukatundika. Ilikaa muda wa kutosha sisi kupongezana. Kisha plastiki ikachomoka yote na donge la ukuta mdomoni, na fremu ikatua juu ya mito tuliyokuwa tumeitandika chini, maana hata Béatrice na imani yake yote hakuwa mjinga. Senge alikuwa amesimama mlangoni, ameshika maziwa. "Mara ya pili," akasema. Béatrice akaanza kulia, na mimi nikataka ardhi inimeze.

Hapo ndipo hodi ilipobishwa. Alikuwa Mwalimu Clarence, kofia mkononi. "Poleni kwa msiba," akasema. "Nimesikia kishindo cha kwanza nikastahi. Niliposikia cha pili, nikaona si vyema kuendelea kunyamaza." Senge akanigeukia, akaninong'oneza bila kutabasamu, "Huyu mzee anaongea kama Agano la Kale," lakini akampisha aingie. Mwalimu hakuuliza habari za ishara wala mikosi. Alilisogelea lile tundu, akatia kidole, akatuonyesha unga uliobaki kidoleni. Ilikuwa chaki. Kuta zote za nyumba hiyo, akatuambia, ni chaki iliyobanwa katikati ya karatasi mbili, na nyuma yake ni uwazi. Akagonga. Sauti ikarudi kama ya mtungi. Akasogea kidogo kidogo akigonga, mpaka sauti ikawa fupi na nzito. "Hapa pana mbao iliyosimama," akasema. "Gonga, binti." Nikagonga. Nikarudi nikagonga penye uwazi. Niliishi kati ya kuta zile miezi yote nikisikiliza yanayopita ndani yake, na sikuwahi kujua kwamba ndani yake hakuna kitu.

"Basi tuweke hapa penye mbao," Mwalimu akasema. "Ni kiganja na nusu tu kutoka pale. Skrubu ya kawaida itatosha." Alishika fremu mahali hapo, na Senge, kwa mashaka, akajilaza kwenye sofa kama alivyolala kila siku. Mwanga wa dirisha ukaangukia kioo. "Simwoni," akasema. "Naona dirisha." Mwalimu akairudisha penye tundu. "Hapo namwona," Senge akasema. Mwalimu akashauri ishushwe, usawa wa macho ya mtu aliyesimama, ndivyo inavyopendeza. Senge akainuka nusu. "Mwalimu, Mama yangu si kalenda. Anakaa juu na anainama, ndiyo aone watu." Mwalimu akafikiri kidogo, akacheka peke yake, cheko la mtu aliyepata jibu la hesabu. "Kumbe!" akasema. "Picha iliyosimama wima huvuta chini. Iliyoinama huvuta na nje. Msumari wenu ulikuwa ukivutwa utoke tangu dakika ya kwanza. Na anka hizi za plastiki hushika kwa kutanuka. Kwenye jiwe, jiwe huzibana, lakini chaki itabana nini? Hizi ni za saa na vikalenda." Akatuuliza uzito wa picha. Hatukujua. Béatrice akaleta mizani ya bafuni, Senge akapanda akiwa ameikumbatia fremu, kisha akapanda bila fremu, na Mwalimu akatoa kwa kichwa. Senge akaisikiliza hesabu. "Mama amepungua," akasema. Tukamtazama, hatujui kama tucheke. Yeye ndiye aliyeanza, cheko lililogeuka njiani likawa kilio, kile ambacho hakukilia tangu simu ilipokuja, na Mwalimu akageukia dirisha akaangalia theluji mpaka kilipokwisha.

Alishuka kwake akarudi na drili na skrubu ndefu yenye mabawa mawili ya chuma, kama kipepeo. Yeye aliiita nanga ya mabawa, kwa kuwa ndivyo kamusi yake ilivyomruhusu. Ukiyabana yanalala, akatuonyesha, yanapita kwenye tundu. Yakifika kwenye uwazi, springi inayafungua, na ukikaza yanaukumbatia ukuta kwa nyuma. Hayategemei tundu tena, yanategemea ukuta wote. Kulabu ya kutundikia unaivalisha kwanza kabla ya mabawa, akasema, maana yakishaingia hayatoki. Senge alikuwa akijifuta uso. Akaacha. "Hayatoki?" "Skrubu hutoka," Mwalimu akasema. "Mabawa hayatoki. Ukiifungua skrubu, yataanguka ndani ya ukuta na kubaki huko." "Hata nikihama?" "Hata ukihama, Bi Damari. Hata sisi sote tukihama."

Nimelifikiria sana jambo hilo kwa miaka, jinsi mwanamke yule alivyoweza kuvumilia yote, usiku, theluji, wazee waliomtukana akiwaosha, lakini akasita mbele ya kipande cha chuma kisichozidi kidole. Alilitazama sanduku lake karibu na mlango. Maharage yalikuwa yanachemka. Béatrice akasema kwa upole, "Da Damari, tuache paka vile, hivyo tu. Tutamuweka ku meza." Hata mimi, pamoja na ujana wangu, nilijua kinachoulizwa si habari ya picha. Kama angeiweka mezani, mama yake angekuwa msafiri kama sisi, wa kubebwa wakati wowote. Na kama angekubali, basi kitu chake kimoja kingebaki Amerika milele, na ile mwakani kabisa ingekuwa imekwisha. Nilitamani akubali, na nikaona haya kutamani. Alitazama ukuta mpaka mwanga ukahama kwenye swichi. "Weka," akasema.

Mwalimu alitoboa, vumbi likashuka likinukia ubao wa darasani, likamkalia Senge begani. Kisha akampa ile skrubu aiingize mwenyewe. Senge akayabana mabawa kwa vidole, akasukuma, na ndani ya ukuta tukasikia tak, ndogo sana. "Imefunguka," akasema kama mtoto. "Vuta kwako huku ukizungusha," Mwalimu akamwelekeza, "la sivyo yatazunguka tu huko ndani." Akavuta akazungusha, akavuta akazungusha, mpaka ikagoma. Halafu, kabla hajatundika chochote, akaishika kulabu kwa mikono miwili, akasema kwa lugha ya kwetu, wala si kwa Kiswahili, "Kama umenikataa, Mama, jing'oe." Akavuta kwa nguvu zake zote. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Ukuta haukutoa hata unga.

Siku iliyofuata alilala ameutazama ukuta. Nilikuwa pale sakafuni nikichagua mchele alipoamka mchana. Leso ikamteleza usoni, akafungua macho, akakaa anaangalia juu bila kusogea. "Umeamka, Mama?" akauliza, polepole, kwa namna watu wa kwetu wanavyosalimiana asubuhi. Nikaacha mchele. Sijui nilikuwa na furaha au nini, ila najua sitasahau chumba kilivyokuwa kimya, hata majirani wote kama wametoka. Wiki ile fellowship wakarudi wakamalizia wimbo wao. Kabla mwaka haujaisha kulikuwa na saa, kioo karibu na mlango, na zile sahani zenye maua zikatoka kwenye boksi. Karatasi zake zilikuja baadaye, akaenda, akaliona kaburi, akarudi. Mdomo wake haukuacha kusema tunapita tu. Mimi niliolewa Landover, Béatrice akahamia Oxon Hill, Mwalimu tukamzika miaka mingi iliyopita, na Senge mwenyewe ndiye aliyeomba dua, kwa Kiswahili, akijitahidi kila ngeli ikae mahali pake.

Na Jumamosi ile ya maboksi nikasimama juu ya kiti. Nikaishika fremu, nikainua. Haikusogea. Mafundi wa jengo walikuwa wamepaka rangi mara nyingi miaka yote hiyo, na kila mara Senge alikataza isiguswe, wakapaka kuizunguka, mpaka rangi ikaigundisha fremu na ukuta vikawa kitu kimoja. Nikavuta tena. "Amekataa," Senge akasema kutoka kwenye kiti chake. Béatrice akaacha kufunga sahani. Sote watatu tulikuwa tumerudi kwenye ile siku ya vioo. Kisha nikamwona Senge mabega yanamtikisika. "Ona huyu mama!" akasema, machozi yanamtoka kwa kucheka. "Alikataa kukaa, saa hii amekataa kutoka!"

Nilikata rangi kwa kisu cha jikoni kuzunguka fremu yote, nikamshusha Nyanya, nikampa binti yake mikononi. Nyuma yake ukuta ulikuwa na rangi ya mwaka ule, nyeupe yenye uzee. Nikachukua bisibisi, nikazungusha, na skrubu iliposhikwa na mzunguko wa mwisho nikasita kidogo, halafu nikaitoa. Tukayasikia mabawa. Yaligonga mahali, yakateleza, yakagonga tena chini kabisa karibu na sakafu. Béatrice akafanya ishara ya msalaba. Senge akainuka kwa fimbo yake, akaja, akaweka kiganja ukutani pale chini yalipotua, akasikiliza kama kuna la zaidi.

"Mwalimu alisema," akasema.

"Alisema, Senge."

"Wacha yakae. Mimi pia nimeishi hapa."

Sijawahi kumsikia akilitumia neno kuishi kwa nyumba ile. Nikachukua kopo la lipu ya kuzibia matundu, kwa sababu wenye jengo wanataka kuta kama walivyokupa, nikaijaza ile nafasi, nikaanza kuisawazisha kwa kisu, ipotee kabisa. Senge akanishika mkono.

"Usilainishe sana," akasema.